Paundi za Kambini

Serikali ikikosa pesa za kununulia bunduki hufanya nini? Huongeza kodi. Kodi isipotosha, hukopa. Wakopeshaji wakigoma, huchapa noti zake yenyewe kwa wingi mpaka mkate unanunuliwa kwa kapu la karatasi. Njia hizo tatu tunazijua, na wengine wetu tumezionja. Lakini ipo ya nne ambayo walimu wa historia huipita haraka haraka: kuchapa noti za adui.

Si jambo la jana. Wamarekani walipoasi utawala wa Mwingereza mwaka 1775 na kuanza kulipia vita kwa dola zao za karatasi, Waingereza walizichapa dola hizo hizo na kuzisambaza, mpaka thamani yake ikazidi kuporomoka. Napoleon naye alichapa noti za Austria na za Urusi alipokwenda kupigana huko. Kwa hiyo wakubwa hawa, wanaomfunga mtu miaka kadhaa kwa kughushi noti moja, wao wenyewe wameghushi kwa magunia. Tofauti ni kwamba mwananchi akifanya huitwa jinai, serikali ikifanya huitwa operesheni.

Operesheni ninayotaka kuisimulia hapa ni ya Wajerumani, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, hakuna serikali iliyofanya kazi hiyo kwa ukubwa ule na tukaijua kwa undani namna ile. Pili, waliozitengeneza noti zile hawakuwa watumishi wa serikali wala wahalifu waliolipwa. Walikuwa wafungwa wa Kiyahudi, waliokuwa wamekwisha kuhukumiwa kufa na serikali hiyo hiyo kwa kosa la kuzaliwa.

Vita vilikuwa havijatimiza mwezi mmoja pale wakubwa wachache walipokutana Berlin katika Wizara ya Fedha, tarehe 18 Septemba 1939. Aliyeleta wazo ni Arthur Nebe, mkuu wa polisi wa upelelezi wa makosa ya jinai. Polisi huyo alisema: tunao wezi mahodari wa kughushi, kwa nini tusiwatumie? Tuchape paundi za Kiingereza, tuzimwage kutoka kwenye ndege juu ya Uingereza yote. Watu wataziokota, watazitumia, bei zitapanda, na Mwingereza hatajua tena ipi ni pesa na ipi ni karatasi. Reinhard Heydrich, bosi wake, alilipenda wazo ila hakupenda kutumia wahalifu. Walther Funk, Waziri wa Uchumi, aliogopa: kama karatasi hizo zikizagaa katika nchi tulizoziteka, zitatuharibia sisi wenyewe. Hata hivyo Hitler aliafiki, na kazi ikaanza.

Hebu tutue hapa kidogo, maana noti yenyewe inataka maelezo. Paundi tano ya wakati ule haikuwa na picha ya mfalme wala rangi tatu nne kama noti tunazozijua. Ilikuwa karatasi nyeupe, kubwa, imechapwa upande mmoja tu kwa wino mweusi, na kwenye kona ya juu kushoto ameketi mwanamke Britannia ndani ya duara lake. Ukiitazama haraka unadhani ni stakabadhi ya duka la vitambaa. Ukasema, hii hata mimi ninaweza. Kumbe siri ilikuwa kwenye karatasi. Ilitengenezwa kwa matambara, si kwa miti, na ndani yake kulikuwa na maandishi na mistari ya mawimbi isiyoonekana mpaka uinue noti kwenye mwanga. Isitoshe, wachapaji wa London walikuwa wametia makosa madogo madogo ya makusudi, vidoa na mikato ipatayo 150, ambayo karani wa benki aliyajua na mghushi angeyasahihisha akidhani ni uchafu.

Kundi la kwanza liliongozwa na Alfred Naujocks, yule yule ofisa wa SS aliyeongoza shambulio la uongo kwenye kituo cha redio cha Gleiwitz usiku wa kuamkia vita, ili ionekane Wapolandi ndio waliochokoza. Mtu wa kazi za uongo, kwa kifupi. Pamoja naye alikuwapo mtaalamu wa hesabu Albert Langer, ambaye kazi yake ilikuwa kung'amua mpangilio wa herufi na namba za noti. Walihangaika na karatasi. Walipofanikiwa kuipata ile inayofanana kwa macho na kwa mguso, waliiweka chini ya taa ya urujuani ikang'aa vingine. Walichunguza wakagundua kwamba Mwingereza hutumia matambara yaliyokwisha kutumika, wao walitumia kitambaa kipya. Basi wakagawa vitambaa viwandani, watu wakafutia mashine, vikachafuka, vikafuliwa, ndipo vikasagwa kuwa karatasi. Rangi ikakubali. Na huyo mama Britannia peke yake aliwachukua wachongaji miezi saba.

Inasimuliwa kwamba mapema mwaka 1941 walimtuma mtu Uswisi na bunda la noti hizo, akiwa na barua ya kuiomba benki izikague, eti ana wasiwasi kwamba ni za bandia. Benki ikazichunguza siku tatu, ikasema ni halali. Yule jamaa hakuridhika, akaomba waulize London. London nako wakathibitisha namba, tarehe na sahihi. Jeuri ya namna hii!

Lakini Naujocks aligombana na Heydrich akafukuzwa, na mwaka 1942 shughuli ikafifia. Isitoshe, wazo la kumwaga noti angani lilikuwa limekufa kifo cha kawaida: jeshi la anga la Ujerumani halikuwa na ndege za kuchezea. Hapo ndipo historia inapokunja kona, na hapo ndipo penye kiini cha makala hii.

Maana katikati ya mwaka 1942 Ujerumani ilikuwa na shida nyingine kabisa. Mark yake haikuwa na heshima nje ya mipaka ya bunduki zake. Ukienda Uturuki, Uswisi, Hispania au Ureno, nchi zisizokuwa vitani, ukitaka kumlipa jasusi au kununua kitu cha magendo, muuzaji hataki mark. Anataka dhahabu, faranga ya Uswisi, dola au paundi. Na idara ya ujasusi ya SS ilikuwa inapewa fedha za kigeni kidogo kidogo, kama mtoto anayepewa senti za pipi. Heinrich Himmler, mkuu wa SS, akafufua mradi, lakini safari hii shabaha haikuwa kuua uchumi wa Uingereza. Shabaha ilikuwa kupata pesa za matumizi: wapelelezi, vibaraka, silaha. Yaani noti bandia iliacha kuwa bomu ikawa mkoba.

Aliyepewa kazi ni Bernhard Krüger, meja wa SS, na mradi ukachukua jina lake la kwanza: Operesheni Bernhard. Krüger hakwenda kutafuta mafundi mitaani. Alikwenda kwenye kambi za mateso. Alipita Buchenwald, Ravensbrück, Auschwitz, akachagua wachapaji, wachoraji, wachongaji, makarani wa benki, watu wanaojua karatasi. Aliwaleta kambi ya Sachsenhausen, karibu na Oranienburg, nje kidogo ya Berlin, akawatia katika mabweni mawili, namba 18 na 19, yaliyozungushiwa seng'enge yao wenyewe. Vioo vya madirisha vilipakwa rangi. Wafungwa wengine wa Sachsenhausen hawakujua kinachofanyika mle ndani, na walinzi wa nje hawakuruhusiwa kuingia. Kuanzia Januari 1943 mitambo ikaanza kunguruma, zamu mbili za saa kumi na mbili. Mwishoni wafungwa hao walifikia 142.

Mmoja wao alikuwa Adolf Burger, mchapaji kutoka Slovakia. Alikamatwa mwaka 1942 kwa sababu alikuwa akichapa vyeti vya ubatizo vya uongo, ili Wayahudi wavitumie kujiokoa wasisafirishwe. Alipelekwa Auschwitz pamoja na mkewe Gisela. Mke aliuawa huko. Mume akanusurika kwa kuwa serikali iliyomtia ndani kwa kughushi ilihitaji mtu wa kughushi. Ukiitunga hadithi kama hiyo mhariri atakurudishia, atasema umezidisha.

Maisha ya bweni lile yalikuwa ya ajabu. Walipewa vitanda, nguo za kiraia, chakula cha kuzidi wengine, sigara, magazeti, redio. Palikuwa na meza ya kuchezea tenisi ya meza, wakicheza wao kwa wao na hata na walinzi wao. Palikuwa na jioni za muziki. Hatua chache tu ng'ambo ya ubao, watu walikufa kwa njaa, kwa kipigo na kwa risasi; makumi elfu walikufa Sachsenhausen mpaka vita vinakwisha. Krüger alizungumza na mafundi wake kwa adabu. Mwaka 1943 aliwaombea nishani za vita kwa kazi nzuri, na Wayahudi wachache wakavishwa nishani ya utawala wa Hitler ndani ya kambi ya Hitler. Lakini aliyeugua sana mle ndani hakupelekwa hospitali ya kambi, asije akaropoka. Aliuawa. Ndiyo adabu yenyewe.

Noti zilipotoka mtamboni zilikuwa safi mno, na noti safi mno hutiliwa shaka. Basi wafungwa wapatao 40 au 50 walisimama safu mbili wakitazamana, wakapitishiana noti mkono kwa mkono, zikapata jasho, mafuta ya vidole na mikunjo. Wengine waliandika kwa penseli nyuma ya noti jina au hesabu kama wafanyavyo makarani. Wengine walizitoboa kwa pini, maana mabenki ya Uingereza yalifunga mabunda kwa pini. Kisha zikapangwa kwa madaraja manne. Za kwanza, zisizo na ila, kwa ajili ya nchi zisizo vitani na kwa majasusi wa Kijerumani. Za pili kwa vibaraka. Za tatu, huenda siku moja zitamwagwa angani. Za nne ziharibiwe.

Kwa jumla zilichapwa noti karibu milioni 9, za paundi 5, 10, 20 na 50, zenye thamani ya zaidi ya paundi milioni 130. Si zote zilizofaa, na sehemu kubwa haikutoka kambini. Hata hivyo si haba.

Zilizotoka zilikwenda wapi? Mgawaji mkuu alikuwa Friedrich Schwend, mfanyabiashara tapeli aliyejichimbia katika kasri la Labers, mjini Merano, kaskazini ya Italia. Huyu hakuwa mwanajeshi wa kweli wala karani wa kweli, lakini alijua kuuza. Makubaliano yalikuwa kwamba theluthi moja ya fedha atakazozisafisha ni yake na mawakala wake. Mawakala hao walienea Italia, Balkani na kwingineko, wakabadilisha paundi za kambini kwa dhahabu, vito, sarafu za kweli, bidhaa, na silaha.

Habari ya silaha ndiyo iliyonivuta mimi. Milimani huko Yugoslavia na kaskazini ya Italia walikuwamo wapiganaji wa msituni waliokuwa wakidondoshewa bunduki na Waingereza kwa miamvuli, wawapige Wajerumani. Wilhelm Höttl, ofisa wa ujasusi wa SS aliyeandika kitabu juu ya operesheni hii mwaka 1955 kwa jina la Walter Hagen, alieleza kwamba bunduki hizo zilinunuliwa na watu wa Schwend kwa paundi za bandia. Höttl ni shahidi wa kusikilizwa kwa sikio moja, alikuwa na ngozi yake ya kuiokoa, lakini biashara yenyewe inaeleweka. Mpiganaji mwenye njaa, au kiongozi wake mwenye tamaa, anaona noti ya Mwingereza. Anaiamini kuliko lira, kuliko dinari, kuliko mark. Anatoa bunduki aliyopewa bure na Mwingereza, anapokea karatasi anayodhani ni ahadi ya Mwingereza. Bunduki ya kweli, noti ya uongo. Halafu bunduki ile inamgeukia rafiki yake.

Sasa nauliza, nani aliyelipa? Hili ndilo swali ambalo wapenda hadithi za kijasusi huliruka, wanakimbilia masanduku ya ziwani. Aliyelipa si Benki Kuu ya Uingereza, au si yeye kwanza. Noti bandia ni kama ule mchezo wa watoto wa kupokezana kitu huku ngoma ikipigwa: ngoma ikinyamaza, aliye nacho mkononi ndiye ameliwa. Mkulima wa Italia aliyeuza ng'ombe, sonara aliyeuza pete, mkimbizi aliyeuza nyumba yake ili avuke mpaka, hao ndio waliolipia bunduki za SS. Ni kodi, ila haina mipaka, na mlipaji hajui kama amelipa mpaka siku anapokwenda benki.

Aliyeliwa mashuhuri kuliko wote ni Elyesa Bazna. Huyu alikuwa mtumishi wa nyumbani wa balozi wa Uingereza mjini Ankara, Sir Hughe Knatchbull-Hugessen. Huku kwetu wakati ule angeitwa boi. Kuanzia Oktoba 1943 hadi mwanzoni mwa 1944 boi huyo alipiga picha nyaraka za siri za bwana wake, akawauzia Wajerumani, nao wakampa jina la siri la Cicero. Walimlipa kama paundi 300,000. Bazna akajiona tajiri, baada ya vita akaanza kujenga hoteli Bursa. Ndipo ikagundulika kwamba sehemu kubwa ya paundi zake ni kazi ya bweni namba 19. Alidai fidia kwa serikali ya Ujerumani Magharibi, akakataliwa, akafa maskini Munich mwaka 1970. Sina machozi mengi kwa msaliti, lakini angalieni hesabu: siri zilikuwa za kweli.

London kwenyewe walijua? Walijua mapema kwamba jambo linapikwa. Mwishoni mwa 1939 ubalozi wao Ugiriki uliletewa fununu, na wao wakapiga marufuku kuingiza noti za paundi nchini wakati wa vita, wakatoa pia noti mpya ya paundi moja ya rangi ya buluu yenye uzi wa chuma ndani yake, mwaka 1940. Lakini zile nyeupe kubwa waliziacha. Mwaka 1943 karani mmoja wa Benki Kuu alikuwa akiandika katika daftari namba za noti zilizorudi kutoka benki moja ya Tangier. Wakati huo kila noti ya paundi 5 kwenda juu ikirudi benki iliandikwa namba yake kwa mkono. Akaona namba moja imekwisha kuandikwa: noti hiyo ilikwisha kulipwa na kufutwa. Ilifufukaje? Si mtambo wala taa ya urujuani iliyozinasa, ni leja na karani mwenye subira.

Na sisi huku? Noti nyeupe za paundi tano hazikuwa pesa ya wazee wetu. Wao walishika shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza 1921 chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Lakini shilingi hiyo ilifungwa kwenye paundi, 20 kwa 1, na dhamana yake iliwekwa London. Askari wa KAR aliyetumwa Burma, mkulima wa mkonge wa Tanga, mchuuzi wa Kisumu, wote walikuwa wamebeba mfukoni ahadi ya paundi bila kuiona paundi yenyewe. Kama lile wazo la kwanza la Nebe lingetimia, la kuifanya paundi kuwa karatasi ya kufungia karanga, tusingesalimika.

Turudi bwenini. Mei 1944 uliletwa agizo jipya: sasa dola. Dola ni kazi nyingine, ina nakshi pande zote mbili, ina nyuzi ndogo ndogo za hariri ndani ya karatasi. Ikabidi aletwe Salomon Smolianoff, mzaliwa wa milki ya Urusi, mghushi wa kweli wa maisha yake yote, na kati ya wale mafundi waungwana ndiye pekee aliyekuwa mhalifu wa kazi hiyo.

Na hapo wafungwa wakakabiliwa na hesabu mbaya kuliko zote. Wakishindwa kutengeneza dola, hawana faida tena, watauawa. Wakifaulu, kazi imekwisha na wanajua siri, watauawa. Na katikati, kila wiki ya kufaulu ni pesa kwa jeshi linaloua ndugu zao. Je, ufanyeje? Abraham Jacobson, Mholanzi aliyesimamia hatua ya kuhamisha picha kwenye bamba kwa kutumia utando wa jelatini, alichagua kuchelewesha. Utando ulikuwa ukiharibika, leo hivi, kesho vile. Burger na wengine walijua wakanyamaza. Wengine waliogopa, na haki yao kuogopa, kwa sababu hasira ya Berlin ingewaangukia wote. Krüger mwenyewe inaelekea hakuharakisha sana. Kazi ikiisha, naye angepelekwa mstari wa mbele. Kwa hiyo palikuwa na ushirika wa ajabu wa uvivu kati ya mfungwa na mlinzi, kila mmoja akinunua siku zake.

Wapo wanaowahukumu mafundi wale kwamba walimlisha adui. Mimi sikubaliani nao. Mtu aliyenyang'anywa mke, jina na nguo, akaambiwa chapa au ufe, huwezi kumpelekea ankara ya bunduki za Merano. Na bado hao hao ndio waliothubutu kuchelewesha, wakati mabenki na wafanyabiashara huru wa nchi zisizo vitani walipokea paundi za ajabu ajabu kutoka kwa Wajerumani bila kuuliza maswali mengi.

Mwanzoni mwa 1945 dola chache za mfano, za noti ya 100, zilikuwa tayari, bado hazijatiwa namba. Hazikuchapwa zaidi. Warusi walikuwa wanakaribia, na Himmler akaamuru shughuli ifungwe. Mitambo na wafungwa wakapakiwa kwenye treni hadi Mauthausen, Austria, kisha Redl-Zipf, kwenye mapango ya kiwanda cha bia. Mwanzoni mwa Mei likatoka agizo wapelekwe kambi ya Ebensee, wauawe huko. Agizo lilisema wauawe wote kwa pamoja. Lori lilikuwa moja, safari zikawa tatu. Safari mbili za kwanza zilifika. Ya tatu, lori likaharibika njiani. Wafungwa wakashuka, wakatembea kwa miguu. Wale wa kwanza walikuwa wakisubiri wenzao ili wafe pamoja, na wenzao walipofika tarehe 5 Mei walinzi walikuwa wameanza kutoroka. Siku iliyofuata Wamarekani wakaingia. Kila mtu aliyefika Ebensee siku zile anadaiwa uhai wake na injini ya lori.

Masanduku ya noti yalitupwa mitoni na katika ziwa Toplitz, na noti zikaonekana zikielea. Mwaka 1959 wapiga mbizi waliogharimiwa na gazeti la Stern waliyaopoa baadhi. Nyingine hazikuzama, ziliendelea na safari. Jaac van Harten, Myahudi aliyekuwa Merano akifanya kazi na akina Schwend huku akijiita mtu wa Msalaba Mwekundu, aliwapa wakimbizi wa Kiyahudi paundi za kambini, na inaelezwa kwamba jeshi la siri la Wayahudi lilizitumia kuwavusha watu kwenda Palestina kinyume cha amri ya Waingereza na kununulia vifaa. Kwa hiyo noti alizochapa Myahudi kwa ajili ya SS zikaishia kumsumbua Mwingereza Palestina, na Mwingereza ndiye mwenye jina kwenye noti.

Benki Kuu ya Uingereza ilikwisha acha kutoa noti za paundi 10 na kuendelea tangu 1943. Vita vilipoisha ikaziondoa kabisa. Ile nyeupe ya 5 ikatiwa uzi wa chuma, na mwaka 1957 ikaletwa ya rangi ya buluu. Noti ya 10 haikurudi mpaka 1964, ya 20 mwaka 1970, ya 50 mwaka 1981. Miaka karibu 40 taifa zima likatembea bila noti ya 50 kwa sababu ya mabweni mawili.

Michezo hii haikuzikwa na Hitler. Mwaka 1989 Benki Kuu ya Ufilipino, mjini Manila, ilikuta dola 100 ya bandia iliyotengenezwa vizuri mno, na kuanzia 2005 Marekani imeishutumu waziwazi Korea Kaskazini kwamba ndiyo mchapaji, ili ipate fedha za kigeni. Pyongyang inakana. Mwaka 2006 maofisa wa Marekani walisema noti za aina hiyo zilizokamatwa tangu 1989 ni kama dola milioni 50. Kama ni hizo tu, kombora la masafa marefu halinunuliwi kwa hizo, ila jasusi, karani wa forodha na nahodha wa meli wananunulika vizuri sana, na silaha husafiri kwa watu wa namna hiyo.

Burger alirudi Prague, akaandika kitabu, akazunguka shule za Ujerumani akiwasimulia vijana, akafa mwaka 2016 akiwa na miaka 99. Smolianoff alikimbilia Amerika ya Kusini, mwishowe akatengeneza vitu vya kuchezea watoto huko Brazil. Schwend naye alikwenda Peru, akawa rafiki wa kibiashara wa Klaus Barbie, mtesaji wa Lyon. Krüger alishikwa na Waingereza, kisha Wafaransa, akaachiwa 1948. Alipoitwa kujieleza mbele ya mahakama ya kuwasafisha Manazi, baadhi ya wafungwa wake wa zamani walimpa maandishi ya kumtetea. Akapata kazi katika kiwanda cha karatasi. Kiwanda hicho ni Hahnemühle, ndicho kilichokuwa kikimletea karatasi za paundi kambini.